Jani Alilolifunga Masudi

Tangu nirudi, kila anayeleta nguo kushonwa ananiuliza kwanza habari za Elia, ndipo atoe kitambaa. Tuliondoka wanne tukarudi watatu, tena tumechelewa siku nzima na matope yamefika mapajani, kwa hiyo watu mmeshajitungia yenu. Nimesikia kwamba amechukuliwa na mto. Nimesikia pia kwamba tulimgombeza akatukimbia. Nimechoka kujibu huku nimebana sindano mdomoni, ndiyo maana nimekaa nikaandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi, na asiyejua kusoma asomewe.

Nyinyi mnatujua, lakini karatasi huzunguka, basi niwataje wenzangu. Mimi ni Salimu, mshona nguo, mzaliwa wa Pangani, niliyeletwa huku bara na cherehani ya Mhindi. Masudi ni mpishi wa Mdachi mmoja pale bomani; zamani alikuwa mpagazi, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna kabila kati ya Ujiji na pwani ambalo hajui mila zake. Saruni ni Mwarusha, mchunga ng'ombe wa serikali. Elia ni Mmeru wa Nkoaranga, seremala wa boma, Mkristo, mwenye maneno machache na mabega mapana. Jioni nyingi sote tunakula sinia moja.

Safari ilikuwa ya Elia. Amemposa Rebeka, binti wa Mzee Kaaya, na ng'ombe walishakwenda zamani. Kisha mwaka jana askari walipanda Nkoaranga kuchukua watu wa kuvunja mawe ya barabara, kila kaya mtu mmoja. Kwa Mzee Kaaya walimchukua Zakaria, kaka yake Rebeka, na huko barabarani jiwe likamvunja mguu. Siku ile Elia naye alikuwapo, ametumwa kupima magogo ya daraja. Mzee akasema: nani mwingine aliyewaonyesha askari mwanangu, kama si huyu anayekula kwao? Elia alikana, mzee hakusikia. Hivi karibuni akaleta neno kupitia watu wa misheni: mwenye la kusema aje Pasaka, Pasaka ikipita, ng'ombe wanarudishwa na Rebeka anapewa mtu wa kijiji cha Akeri.

Boma lilikuwa limewapa watu ruhusa toka Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Tukasema hatumwachi Elia akapande mlima ule peke yake.

Mto Themi, na harufu ya papa

Tulikubaliana kuondoka alfajiri. Alfajiri mimi nilikuwa nimeshavaa, nimeshakunywa chai, nimeshafunga mzigo na kuufungua na kuufunga tena, na Masudi alikuwa bado anakaanga. Mnajua nilivyo. Saruni husema nimekalia upupu tangu nizaliwe. Nikawa natembea toka jikoni hadi njiani, toka njiani hadi jikoni, mpaka Masudi akanipa mwiko nikoroge, ilimradi nitulie.

Alipotoka na furushi lake, Saruni akarudi nyuma hatua kadhaa. "Umeweka nini humo?"

"Zawadi ya wakwe," alisema Masudi. "Papa mkavu, ametoka Tanga. Kitu cha heshima."

Kwa Saruni samaki ni nyoka aliyekosa aibu. Alikataa kutembea nyuma ya Masudi, kisha upepo ukageuka akakataa kutembea mbele yake, na Elia, ambaye uso wake ulikuwa umekaza tangu jana, alisema kwa upole kwamba hata Wameru hawali samaki. Masudi akajibu kwamba hawajaonja kwa mkono wa mpishi. Tukaenda hivyo, Saruni pembeni porini na sisi njiani.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu mlimani, na Themi ulikuwa umejaa hadi kwenye mizizi ya miti. Watu wengi walikuwa wamekaa ukingoni wakisubiri maji yapungue, wametandika mitandio, wanamenya ndizi, kana kwamba walizaliwa pale. Mimi nilipima kina kwa fimbo. Nikapima tena. Nikapanda ukingo nikatafuta pa kuvukia, nikashuka nikatafuta pengine. Mama mmoja aliyebeba kuku alimwuliza Elia kama mwenzake anaumwa tumbo.

Tulivuka jua likiwa utosini, tumeshikana mikono, maji kifuani. Nilijua anachohesabu Elia moyoni, maana nami nilikuwa nikikihesabu: Jumapili inakuja, na tumekwama mto wa kwanza.

Gari la Kaburu

Karibu na mto Nduruma tulisikia kelele kabla ya kuona kitu. Kaburu mmoja alikuwa na gari lake la ng'ombe limezama matopeni hadi kwenye mbao, mkewe amekaa juu ndani ya turubai na watoto wake. Alipotuona aliinua mkono.

"Kuja! Wote kuja! Sukuma!"

"Sisi tuko safarini, bwana," alisema Elia.

Kaburu hakuelewa au hakutaka. Kiboko kilikuwa mkononi mwake na hakuwa na haja ya kukiinua. Tukaweka mizigo chini, tukasukuma. Gari lilisogea kidogo, likarudi. Tukakata matawi, tukatandika chini ya magurudumu, tukasukuma tena, likasogea, likazama upande wa pili. Nilikuwa nalia kwa hasira, na sioni haya kuandika. Nyumbani kwa watu Rebeka anasubiri, na sisi tunasukuma mali ya mtu ambaye hata jina hakutuuliza.

Gari lilitoka jua linakaribia kuzama. Kaburu akabadilika kabisa, akawa anatupiga mabegani na kucheka. Mkewe akatupikia kahawa, akatupa mikate migumu ya kuchovya na vipande vya nyama kavu nyeusi. Masudi aliuliza nani alichinja. Mama yule akatabasamu, akaongeza sukari. Basi mimi na Masudi tukala mikate, na Saruni akala nyama yetu sote, akasema Kaburu ni mtu mbaya mwenye chakula kizuri.

Tulipogeuka, mbwa wa Kaburu alikuwa ametoboa furushi na anakimbilia kichakani na papa mzima mdomoni. Masudi alimfukuza na mwiko. Saruni alikaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu, na hata Elia akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. Usiku tulilala chini ya gari lile lile tulilolitukana.

Kupanda Nkoaranga

Jumamosi njia ilikuwa ya kupanda tu. Kule si kama huku mjini. Vijia vinakwenda wima kati ya migomba, maji yanapita mferejini kila upande, na matope mekundu yanashika mguu yanataka kubaki nao. Watu walimsalimu Elia kwa heshima, lakini baada ya salamu wakanyamaza. Wengine waliangalia miguu yake. Nilielewa kwamba habari ya Zakaria imeshakaa kwenye kila ua.

Tulifikia kwa shangazi yake Elia, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alitupa loshoro, yaani ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, nzito na baridi kwenye vibuyu. Mimi maziwa yaliyoganda nayaogopa. Nilifunga macho nikanywa, nikakuta tamu, nikaomba tena, na shangazi akanipenda tangu hapo.

"Kesho utamwambia nini mzee?" alimuuliza Elia.

"Nitamwambia ukweli. Sikumtaja mwanawe."

"Umeshamwambia."

"Nitamwambia tena."

Shangazi alitikisa kichwa akaondoa vibuyu. Mimi nikatoka nje kutembea, ingawa nilikuwa nimetembea siku nzima.

Jumapili Elia na shangazi walikwenda ibadani. Sisi watatu, wawili Waislamu na mmoja wa Mungu wake wa Kimaasai, tulisubiri kwa shangazi. Nyimbo zilikuwa zinafika kwetu zimekatwakatwa na upepo, zikiisha zinaanza nyingine, na mimi nazunguka uani. Hapo ndipo nilipomwona Masudi kwenye mpaka wa shamba, palipopandwa masale, ile mimea yenye majani marefu mnayoiona kwenye mipaka ya Wachaga. Alichuma jani moja, akalifunga fundo katikati kwa uangalifu mkubwa.

"Unafanya nini?"

"Namwoza Elia," alisema. "Papa ameliwa na mbwa, tutakwenda mikono mitupu? Mimi nimebeba mizigo Machame, nimeona kwa macho yangu. Ukimwendea Mchaga na jani la isale lililofungwa hivi, hawezi kukukataa. Hata kama amekasirika vipi. Na hawa Wameru ni ndugu zao."

"Una hakika?"

"Salimu, mimi nimetembea."

Saruni alilitazama jani akasema kwao mtu akitaka amani hushika majani mabichi ya kawaida, kwa hiyo haoni ubaya. Mimi nilitaka tu twende. Masudi akaliingiza ndani ya kanzu. Tukakubaliana tusimwambie Elia, kwa sababu Elia ana majivuno kidogo na angetaka kushinda kwa maneno yake.

Uani kwa Mzee Kaaya

Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye viti vifupi. Mzee Kaaya alikuwa katikati, mwembamba, amevaa ngozi mabegani juu ya shuka, si mbatizwa yeye, ingawa watoto wake wamebatizwa. Zakaria alikaa peke yake, ameegemea nguzo ya nyumba, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Alipokea salamu zetu kwa kichwa tu. Rebeka alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimesikia habari zake kwa mwaka mzima na ndiyo mara ya kwanza kumwona: msichana mrefu, macho makavu, amesimama kama mtu anayesubiri kuitwa shahidi.

Elia alivua kofia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema."

Elia akavuta pumzi. Na kabla hajatoa neno, Masudi akapita mbele yake, akapiga goti, akaliweka jani kwenye mikono ya mzee.

Mzee Kaaya alilitazama fundo. Alilitazama muda mrefu, kisha akamwangalia Elia, si kwa hasira. Akainama akatema mate kidogo juu ya jani, kama wanavyobariki.

"Nimepokea," alisema. "Mtoto amekiri. Mwenye kukiri hafukuzwi. Yamekwisha."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakaanza kusogea, pombe ya ndizi ikaletwa, mtu akamshika Elia bega. Masudi alinikonyeza. Mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu, *amekiri*, nikamwangalia Elia. Rangi ilikuwa imemtoka. Alifungua mdomo. Mzee alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shuka, na wanawake walikuwa wanaimba, na Elia akafunga mdomo.

Nilipogeuka mlangoni Rebeka hakuwapo tena. Zakaria alipewa kibuyu, akakipitisha kwa mwingine bila kunywa.

Kwa shangazi ndipo tulipofafanuliwa maana. Jani la isale lililofungwa fundo huchukuliwa na mwenye kosa kwenda kwa aliyemkosea. Ni kweli hanyimwi mtu msamaha akilileta. Lakini ukilileta, umesema: ni mimi niliyefanya.

"Mmenipa mke," alisema Elia, "mkanivua jina langu."

Masudi, ambaye hakosi la kusema, alichukua mwiko wake akaanza kuufuta. Saruni alimwambia Elia kwamba mke ndiye aliyekuja kumtafuta, na mke kapatikana, maneno ya watu yataisha. Shangazi naye akasema hivyo hivyo: nyamaza, oa, mwaka ukipita nani atakumbuka? Nilimwona Elia anataka kuwaamini.

Kushuka, na kupanda tena

Jumatatu asubuhi tulifunga mizigo. Tulikuwa na haraka, kwa sababu Jumanne kila mtu alitakiwa kazini, na pale bomani anayechelewa hujibiwa kwa kiboko. Chini ya shamba kuna kijito, na Rebeka alikuwa pale na mtungi wake. Hakuwa amekuja kuteka maji tu. Sisi tukasogea pembeni, lakini mahali penyewe ni finyu, tulisikia yote.

"Mwaka mzima," alimwambia Elia, "nimegombana na baba. Nimemwambia si wewe. Mama yangu amenipiga kwa sababu yako. Nilikuwa peke yangu katika nyumba ile, na nilikuwa nasema si Elia, si Elia."

Elia alinyoosha mkono kuushika mtungi, Rebeka akausogeza kando.

"Jana umenionyesha kwamba baba ndiye aliyekujua. Nitaolewa nawe, ng'ombe walishapokewa, maneno yamekwisha. Nilitaka tu ujue kwamba nilikuwa nasema si wewe."

Akainama kuteka maji. Elia alisimama pale, na nadhani sisi wote tulisimama pale pamoja naye. Kisha akaweka mzigo wake chini kwenye matope, akaanza kupanda njia ile ile tuliyoshuka.

"Ukilirudisha jani utamkosa!" Masudi alimpigia kelele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Elia hakugeuka. Mimi nikamfuata, siwezi kukaa nikisubiri, mnanijua. Saruni na Masudi wakabaki na mizigo.

Mzee Kaaya alikuwa uani anasafisha kiti kwa majani. Zakaria alikuwa mahali pake kwenye nguzo. Maneno waliyosemezana mengine yalikuwa ya Kimeru, na nilifafanuliwa na Elia kabla hatujaagana, lakini nyuso zao sikuhitaji kufafanuliwa.

"Baba," alisema Elia, "jana nilinyamaza, na sikupaswa. Jani lile lililetwa na rafiki yangu, hakujua maana yake. Mimi sikumtaja Zakaria. Msamaha wako siwezi kuuchukua."

"Jani likishapokewa halirudi."

"Najua."

"Unajua pia unachopoteza."

"Najua, baba."

Mzee akaweka kiti chini. Alikuwa na hasira sasa, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichonitia hofu. "Kama si wewe," alisema, "jana nimemsamehe nani? Nimelala usiku mmoja, wa kwanza tangu mwaka jana. Nimemsamehe nani?"

Maji yalikuwa yanapita mferejini. Nikasikia nyuma yangu miguu ya Rebeka, amefika na mtungi kichwani, akasimama.

"Baba," alisema Zakaria. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, kama sauti ya mtu asiyeitumia. "Siku ile nilikuwa nyuma ya migomba."

Mzee akageuka polepole.

"Askari alipokuuliza yupi. Nilikuwa nyuma ya migomba. Nilisikia."

Mzee Kaaya alikuwa amekuwa mdogo ndani ya ngozi yake. "Walitaka mmoja," alisema. "Nilikuwa na wawili. Mdogo wako kifua chake kibovu, asingerudi."

"Najua. Hilo sikukulaumu hata siku moja. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo." Zakaria alimwonyesha Elia kwa kidevu. "Nilikulaumu kwa kumsingizia huyu. Nami nikanyamaza, kwa sababu wewe ni baba, ningesemaje?"

Mzee aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kufunga mlango, yamekwisha kweli. Alitoka na jani lile la Masudi, bado lina fundo. Alilishika kwa mikono miwili, akapita mbele ya Elia, akapita mbele yangu, akaenda mpaka kwenye nguzo, akainama mbele ya mwanawe mguu ule uliovunjika ukiwa kati yao. Sijawahi kuona baba akifanya vile, kwetu wala huku. Elia aligeuza uso pembeni. Mimi, nisiyeweza kukaa mahali pamoja, nilisimama kama niliyepigiliwa misumari.

Zakaria alilitazama jani. Mzee alikuwa bado ameinama na yeye bado analitazama, nikawa naomba kimoyomoyo, alichukue, alichukue. Akalichukua.

Kisha akavuta pumzi ndefu, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu wa nyumbani:

"Rebeka, mletee shemeji kiti."

Rebeka alitua mtungi, akaingia ndani mbio, maji yakamwagika mlangoni na hakuna aliyemgombeza. Basi, mlioniuliza, huko ndiko nilikomwacha Elia. Nilimwacha amekaa.